Gemu za kompyuta za miaka ya 80 na 90: ufinyu wa memori ndio uliozipa utamu

#1 Pikseli_Nane

Wakuu, habari za wakati huu.

Kila mjadala wa gemu za zamani unaishia pale pale: mtu anaweka orodha ya kumi bora, wengine wanagombania nani awe wa tatu. Leo sina orodha. Nina hoja moja, na atakayeweza aniangushe. Nasema gemu za miaka ya 80 na 90 tunazozitaja mpaka leo zilipata utamu wake kutokana na udogo wa mashine. Mtengenezaji alibanwa ukutani, na upenyo aliotokea nao ndio ukawa gemu yenyewe.

Mfano wangu ni Prince of Persia. Jordan Mechner aliitoa 1989 kwenye Apple II, mashine iliyokuwa imeshaanza kuzeeka wakati huo. Alimpiga video mdogo wake akiwa na nguo nyeupe, akikimbia, akiruka, akining'inia, kisha akachora picha baada ya picha kwa kufuata video ile. Ndiyo maana yule jamaa anakwenda kama mtu: akisimama ghafla anateleza, akitaka kuruka mbali lazima apige hatua kwanza. Ila mwendo mzuri namna hiyo unakula memori. Picha za mwana mfalme peke yake zilijaza nafasi, na pa kumweka adui hapakuwepo. Kwa muda mrefu gemu ilikuwa ya kukimbia na kukwepa mitego tu, na wenzake waliokuwa wakiijaribu wakawa wanamwambia kuna kitu kinakosekana.

Akafanya hivi: alichukua picha zile zile za mwana mfalme, akazisogeza biti moja pembeni, akazipiga na zenyewe kwa hesabu ya XOR (biti mbili zikifanana jibu ni 0, zikitofautiana ni 1). Kikatokea kivuli kinachometameta, chenye umbo na mwendo wa mchezaji, bila kuchora picha mpya hata moja.

Sasa oneni alivyokitumia. Hatua ya 4 unakuta kioo kimeziba njia. Unaruka unakipenya, na pacha wako anachomoka upande wa pili anatokomea. Hatua ya 5 anakuwahi kwenye chupa ya dawa na kuinywa wewe ukiona. Hatua ya 6 anakufungia geti, unaporomoka shimoni. Hatua ya 12 mnakutana ana kwa ana na panga mkononi, na kila ukimchoma uhai unapungua kwako. Ukimuua, umekufa. Dawa yake ni kurudisha upanga alani na kumkimbilia. Mnaungana, mnakuwa mmoja.

Gemu za leo zinakula gigabaiti mia na bado sijaona adui aliyeandikwa vizuri kumzidi huyo, ambaye alizaliwa kwa sababu mtu alikosa nafasi ya kuchora adui.

Leteni mifano, au leteni ubishi.

#2 kiti_cha_mbele

Naweka kambi hapa. Uzi uendelee.

#3 FundiKaseti

Mkuu, mada tamu hii. Ngoja nishushe nondo ya Elite, 1984, kazi ya David Braben na Ian Bell. Ilianzia kwenye BBC Micro yenye memori ya kilobaiti 32, na humo humo skrini nayo inadai fungu lake. Picha moja ya simu ya leo haiingii mle. Wale vijana wawili wakatia galaksi 8, kila galaksi sayari 256, kila sayari na jina, serikali, uchumi na bei za bidhaa, ununue huku ukauze kule.

Hawakuhifadhi hata sayari moja. Walihifadhi namba tatu za kuanzia, basi. Ukizijumlisha kwa utaratibu fulani zinazaa namba nyingine, na hizo zinazaa nyingine, na ukirudia kesho majibu ni yale yale. Kila seti ya namba ni sayari. Hata jina linaungwa kwa vipande vya herufi mbili mbili kutoka kwenye orodha fupi: LA na VE unapata Lave, unakoanzia safari. DI na SO, Diso. LE, ES na TI, Leesti. ZA, ON na CE, Zaonce. Wewe unasafiri angani, mashine inajumlisha tu.

Kwa ujanja huo huo wangeweza kuweka galaksi matrilioni, na ndivyo walivyotaka. Mchapishaji ndiye aliyewaambia washuke hadi 8, maana namba kubwa kiasi hicho ingemfanya mchezaji ashtukie kwamba pale hakuna mahali, kuna hesabu tu. Kwa hiyo mleta uzi, mfano wangu unakusaidia nusu. Mashine ndogo ilitoa matrilioni. Aliyekata ni binadamu.

#4 mto_wa_4K

Kabla ya Elite kulikuwa na River Raid ya Carol Shaw, 1982, Atari 2600. Memori ya kufanyia kazi ya kile kidude ni baiti 128. Sijakosea kuandika, baiti, si kilobaiti. Gemu nzima ilikaa kwenye kilobaiti 4, na ule mto mrefu unaorukia ndege hauna mchoro popote. Kingo zake zinatokana na namba zinazoonekana za kubahatisha lakini zinarudi vile vile kila ukianza upya, ndiyo maana watu waliukariri kona kwa kona. Pitfall! ya David Crane, mwaka huo huo, ilipata skrini zake 255 kwa ujanja wa ukoo huo.

#5 Binti_Mshale

Acheni mimi niwe mchawi wa uzi huu.

Mnachagua washindi halafu mnasifia mashindano. Mashine zile zile zilitoa takataka nyingi ambazo hakuna anayezifungulia uzi. E.T. ya Atari, 1982: Howard Scott Warshaw alipewa wiki kama tano aimalize ili iwahi Krismasi. Kaseti zake zikaishia kufukiwa dampo la Alamogordo, New Mexico, na mwaka 2014 zikafukuliwa. Huyo alibanwa memori na akabanwa muda. Utamu uko wapi?

Na huu ugumu mnaousifia, wengi wake ni wa mashine za kuchezea kwa sarafu. Ilitakiwa ufe haraka ili utumbukize sarafu nyingine. Gemu zilipohamia nyumbani zikaja na "maisha matatu" yake kama kawaida, wakati sarafu yenyewe haina tena pa kuingilia.

Sasa mfano ninaotaka mleta uzi aujibu. King's Quest V, 1990. Kuna paka anamkimbiza panya, anapita mbele yako sekunde chache. Usipomtupia paka kitu upesi, panya amekwenda. Huambiwi lolote, gemu inaendelea kama kawaida. Mbele sana unajikuta umefungwa kamba chini ya nyumba ya wageni, na aliyetakiwa kuja kuzitafuna kamba ni yule panya. Au ile pai: mlimani unashikwa na njaa, unaila, njaa inaisha, unafurahi. Kumbe kuna yeti mbele, na silaha pekee inayomfaa ni pai ya usoni. Rudi mwanzo, kama ulihifadhi mahali pa kurudi.

Mwaka huo huo, kwenye PC zile zile, ikatoka The Secret of Monkey Island. Ron Gilbert alikuwa ameshaandika makala mwaka 1989 kuzilalamikia gemu za namna hiyo, kisha akatengeneza ya kwake ambayo kufa ni kazi ngumu. Guybrush, mhusika wake mkuu, anaweza kubana pumzi dakika kumi. Ukitaka afe, umwache chini ya maji amefungwa kwenye sanamu mpaka dakika kumi ziishe, huku visu na vitu vyenye ncha vimemzunguka na hakuna anachokifikia. Na suluhisho ni kuiokota ile sanamu na kuondoka nayo.

Mwaka mmoja, mashine moja. Gemu moja inamdharau mchezaji, nyingine inamheshimu. Ufinyu wa memori umehusikaje hapo?

#6 kiti_cha_mbele

Hapo mleta uzi kashikwa pabaya 😂

#7 Pikseli_Nane

Sijashikwa. Dada, hilo la pai nalikubali, ni uonevu. Lakini gemu za namna ile zilikuwa maneno na picha za kusimama, PC ilizimudu. Njoo kwenye vinavyosogea.

PC ya mwaka 1990 haikuwa mashine ya gemu. Nintendo ilikuwa na saketi ya kusogeza mandhari yote kwa ulaini. PC ilitakiwa kuchora skrini upya kila mara na prosesa haikuwa na mbio hizo, ndiyo maana mandhari zilikuwa zinaruka skrini nzima au zinakwenda kwa mikwaruzo. John Carmack akaangalia akaona hivi: anga la bluu likisogea kidogo, bado ni anga la bluu. Uchore tena cha nini? Akaiacha kadi ya EGA, ile inayotoa picha kwenye skrini, isogeze picha, prosesa ikabaki na kazi ya kuchora vile vigae tu (vipande vidogo vya mandhari) vilivyobadilika.

Septemba 1990 yeye na Tom Hall walikesha usiku mmoja wakanakili hatua ya kwanza ya Super Mario Bros. 3 kwenye PC, na kwenye nafasi ya Mario wakamweka Dangerous Dave, mhusika wa gemu nyingine. Nintendo wenyewe walipopelekewa wakasema hawahitaji. Desemba ile ile ikatoka gemu yao, Commander Keen. Ujanja ule unalipa pale tu vigae vinapojirudia, na ukiitazama Keen ya kwanza vinajirudia kweli: anga pana, kuta za aina moja, ardhi ya aina moja. Sura ya ile sayari imeamuliwa na kadi ya EGA.

Kwa hiyo simkatai mtu, wala Gilbert. Ninachosema ni kwamba mtu huyo huyo ukimpa nafasi isiyo na mwisho, hapati sababu ya kufikiri namna hiyo.

#8 vidole_vitano

Fimbo ya kurukia ya Keen. Sitaki kuongea zaidi, vidole bado vinauma.

#9 Mlango_Mwekundu

Mmefika Keen halafu mnasimama? Doom, tarehe 10 Desemba 1993, watu wale wale.

Tuanze na kinachomfurahisha mleta uzi. Ramani ya Doom ukiitazama kwa juu ni mchoro bapa. Chumba hakiwezi kukaa juu ya chumba kingine, hata mara moja, gemu nzima. Sakafu inapanda na kushuka, dari vile vile, kwa hiyo unapata ngazi, mashimo, majukwaa na lifti, na macho yako yanaapa kwamba jengo lina ghorofa. Hata kulenga juu huhitaji: adui akiwa kwenye jukwaa unamwelekea tu, risasi inapanda yenyewe. Na ramani imeshakatwa vipande mapema na kupangwa kwenye mti wa BSP, ili mashine ijue upesi kipi kiko mbele ya kipi bila kuuliza kila ukuta. Hayo yote yalitokana na prosesa dhaifu, sawa.

Lakini sidhani kama hiyo ndiyo sababu Doom inachezwa hadi leo. Mimi nasema ni kwa sababu waliacha milango wazi. Sehemu ya kwanza, hatua tisa, ilitolewa bure na ukaruhusiwa kumpa jirani. Ramani, picha na sauti ziliwekwa kwenye faili lake la WAD mbali na programu, kwa hiyo mtu yeyote akaweza kutengeneza ramani yake bila kuigusa gemu. Mwaka 1997 wakatoa msimbo wa chanzo. Ndiyo maana leo unaikuta kwenye kila kifaa chenye skrini, mpaka watu wameifanya mchezo wa kushindana nani ataiweka mahali pa ajabu zaidi.

Gemu ngapi za enzi ile zilikuwa na ujanja mkubwa wa memori na leo hazifunguki popote? Msimbo wa Prince of Persia mleta uzi aliyoisifia ulikuwa umepotea. Ulipatikana 2012, baba yake Mechner alipokuta diski kwenye boksi lililosahaulika. Bila boksi lile, hadithi ya XOR tungeisikia tu.

Jambo dogo la pembeni kwa waliowahi kuicheza: mkisimama katikati ya maadui wawili wa aina tofauti, mmoja akimkosa mtu na kumpiga mwenzake, wanageukiana. Kwenye vyumba vilivyojaa hiyo ndiyo njia ya kubana risasi. Waacheni wamalizane.

#10 Mzee_wa_Zamu

Kwenye ufinyu wa memori hamjamtaja Gandhi wa Civilization. Sid Meier, 1991. Gandhi alipewa ukali wa 1, wa chini kabisa. Taifa lake likiingia kwenye demokrasia ukali unapungua 2, inakuwa hasi 1, lakini baiti haijui hasi kwa hiyo inageuka 255. Ghafla mzee wa amani anarusha mabomu ya nyuklia. Hitilafu bora kuliko zote.

#11 Binti_Mshale

Hadithi tamu, na haikutokea. Meier mwenyewe aliikanusha kwenye kitabu chake cha kumbukumbu cha 2020. Hakukuwa na kushuka chini ya sifuri. Gandhi alikuwa na ukali wa chini sawa na viongozi wengine kadhaa. Akiwa na nyuklia na umemkasirisha, atakutisha nazo kama yeyote yule, ila wewe utamkumbuka kwa sababu ni Gandhi. Hadithi ya 255 ilianza kusambaa mtandaoni miaka mingi baadaye. Kinachochekesha ni kwamba kwenye Civilization V ya 2010 kweli walimpandisha hamu ya nyuklia kwa makusudi, kama utani, na watu wakaichukua kama ushahidi.

#12 Mzee_wa_Zamu

Kwa hiyo tumenyang'anywa hata hiyo. Haya.

#13 mto_wa_4K

Mzee, usisononeke, ukitaka namba kufurika kwenye baiti iko Pac-Man, na hiyo ni ya kweli. Ya Toru Iwatani, 1980. Namba ya hatua imehifadhiwa kwenye baiti moja, ambayo mwisho wake ni 255. Ukifika hatua ya 256, utaratibu wa kuchora matunda chini ya skrini unapata hesabu iliyopotoka na kujaribu kuchora matunda 256. Nusu ya kulia ya skrini inajaa herufi na takataka, vidonge havitoshi kumaliza, safari imeishia hapo. Kwa hiyo gemu ambayo haikupewa mwisho ikapata mwisho, na kwa sababu una mwisho, alama za juu kabisa zinajulikana: 3,333,360.

Na wale vizuka wanne nao watazameni vizuri. Mwekundu anafuata mahali ulipo. Wa pinki analenga vigae vinne mbele yako, ndiyo maana unahisi anakuvizia. Wa chungwa anakufuata mpaka akikaribia, halafu anageuka kwenda kwenye kona yake. Wa bluu-samawati hesabu yake inategemea wewe na mwekundu kwa pamoja, kwa hiyo hatabiriki. Akili nne zilizoandikwa kwa sheria fupi fupi, na bado watu wanaapa wanawindwa na timu.

#14 Mraba_Mrefu

Nimesoma wote, mmeisahau gemu ambayo hata bibi anaijua.

Tetris. Alexey Pajitnov, Moscow, 1984, kwenye Elektronika 60, kompyuta isiyojua kuchora. Vipande vilichorwa kwa alama za mabano. Alianzia kwenye fumbo la vipande vya miraba mitano, ambavyo ni 12. Akaona ni vingi, akashuka kwenye miraba minne, vikabaki 7. Halafu skrini ikawa inajaa baada ya muda mfupi na mchezo umekwisha, ndipo akaamua mstari uliojaa ufutike. Mnaona? Bila huo uamuzi ni fumbo la kupanga vipande tu. Vadim Gerasimov, kijana wa miaka 16, ndiye aliyeihamishia kwenye IBM PC. Mapato yenyewe Pajitnov hakuyaona mpaka 1996, haki zilipomrudia.

Lakini ninachotaka kusema ni kuhusu toleo la Nintendo la 1989. Kufika hatua ya 29 vipande vinaanguka kwa kasi ambayo ukishikilia kitufe, kipande hakiwahi kufika ukingoni. Kwa miaka watu waliiita mwisho. Kisha wakatokea wanaotetemesha kidole gumba kuzidi kasi ya gemu. Baadaye ikaja mbinu nyingine: kidole gumba kinakaa tu juu ya kitufe, na vidole vya mkono wa pili vinapiga mgongo wa pedi kwa kufuatana, kama mtu asiye na subira anavyogonga meza. Pedi ndiyo inayokuja kwenye kidole. Desemba 2023 kijana wa miaka 13 huko Marekani akafika hatua ya 157 na gemu ikaganda yenyewe. Miaka 34 mashine inawashinda binadamu, na aliyeishinda amezaliwa muda mrefu baada ya ile pedi kuacha kutengenezwa.

Kwa hiyo Pikseli_Nane hoja yako ina mkono wa pili. Ufinyu haukuwabana watengenezaji tu. Wachezaji nao wameuchezea miaka yote hii.

#15 Pikseli_Nane

Hii ya kupiga mgongo wa pedi ningeiweka kwenye #1 kama ningeiwaza.

#16 mgeni_wa_DOS

Samahani wakuu, mimi wa juzi tu. Nimenunua Wing Commander ya 1990, ninaiendesha kwenye DOSBox, ile programu ya kuigiza kompyuta ya zamani. Meli zinapita kama nzi, kabla sijageuka nimeshalipuliwa. Ndivyo ilivyokuwa au kuna kitu? Kwenye faili la mipangilio nililolikuta pameandikwa cycles=max.

#17 FundiKaseti

Hapo hapo ndipo penye tatizo. Gemu nyingi za zamani hazikuwa na saa. Zilikwenda kwa kasi ya prosesa, kwa sababu aliyeziandika alijua prosesa ni ipi. IBM PC ya 1981 ilikuwa na megahezi 4.77, na zilipokuja za kasi zaidi gemu zikaanza kukimbia wazimu. Ndiyo maana kompyuta za enzi zile zilikuwa na kitufe cha Turbo kwenye boksi, ambacho wengi walidhani ni cha kuongeza kasi. Kazi yake hasa ilikuwa kukuruhusu uipunguze.

Wewe kitufe chako ni hiki: ondoa max, andika cycles=3000, anzia hapo. Ukiwa ndani ya gemu, Ctrl na F11 inapunguza, Ctrl na F12 inaongeza. Tazama nyota zinavyopita, utajua penyewe. Kwa gemu za mwanzoni mwa miaka ya 80 shuka hadi karibu 300.

Na shukuru DOSBox inakupangia memori. Sisi tulikuwa tunahariri CONFIG.SYS na AUTOEXEC.BAT, mafaili ambayo kompyuta inayasoma ikiwaka, kwa mkono kutafuta kilobaiti chache. Kompyuta ina megabaiti 4, gemu inakwambia memori haitoshi, kwa sababu inataka nafasi ndani ya zile kilobaiti 640 za kwanza na dereva wa kipanya kakaa humo. Unamhamisha kipanya juu kwa LOADHIGH, unawasha upya, bado. Unaamua gemu hii utacheza bila CD. Watu walikuwa na flopi ya kuwashia kwa kila gemu, zimeandikwa majina. Mleta uzi anasema ufinyu ulileta utamu. Huo wa kilobaiti 640 sijauonja utamu wake hadi leo.

#18 Binti_Mshale

Asante FundiKaseti. Nilikuwa nasubiri mtu aseme.

#19 mgeni_wa_DOS

Mwendo umekaa sawa, ahsante sana mkuu. Swali la mwisho: kuna nyingine ya 1994, setup yake inaniuliza kadi ya sauti, port, IRQ na DMA. Nikichagua ovyo inakaa kimya au inaganda.

#20 FundiKaseti

Chagua Sound Blaster 16. Port 220, IRQ 7, DMA 1, na ikiuliza High DMA weka 5. Hizo ndizo DOSBox inazokuja nazo. Setup nyingine zinapendekeza IRQ 5 kwa sababu kadi halisi nyingi zilikuwa hapo. Usikubali, weka 7. Ikigoma kabisa chagua AdLib. Utapata muziki ila sauti za watu hutazisikia.

#21 mgeni_wa_DOS

Imelia! Sasa inataka neno la tatu la mstari wa pili, ukurasa wa 14 wa kitabu. Kitabu gani?

#22 Binti_Mshale

Kitabu kilichokuja kwenye boksi, kuhakikisha hukuinakili flopi ya mtu. Tazama kwenye folda uliyoshusha, wauzaji wengi huweka PDF yake humo. Na ushukuru ni neno tu. Monkey Island ilikuwa na gurudumu la karatasi unalizungusha mpaka nusu mbili za uso wa haramia zilingane, ndipo usome mwaka. Prince of Persia kwenye PC unanyweshwa chupa baada ya hatua ya kwanza, na ukikosea herufi ya kitabuni umekufa. Elite ya ZX Spectrum ilikuja na kipande cha lenzi ya plastiki, Lenslok, unakibandika kwenye kioo cha TV kusoma herufi mbili zilizovurugwa; TV ikiwa kubwa sana au ndogo sana huoni kitu, na gemu umeilipia. Hayo hakuyaleta mtu kwa kukosa memori.